Je, Wajua? Monarchs wa Kansas City na Heshima Iliyochelewa

Kuanzia 1920 hadi 1965 Marekani ilikuwa na timu ya besiboli iitwayo Kansas City Monarchs. Ilikuwa timu ya Weusi katika nchi iliyowafungia Weusi mlango wa ligi kuu. Timu hiyo ya zamani ilikwisha vunjika, lakini zaidi ya watu kumi walioichezea au kuiongoza wana vibao vyao vya shaba katika Jumba la Umaarufu la Besiboli, kijijini Cooperstown, jimbo la New York. Safu yetu leo ni yao: walifanya nini uwanjani, na walingojeshwa muda gani kabla ya kuheshimiwa.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga. Mpigaji akiupiga mpira na kuzunguka vituo vyote vinne kwa pigo hilohilo, huo ndio mkwaju wa mzunguko, na mashabiki wote husimama.

MLANGO ULIOFUNGWA

1. Je, wajua kwamba ubaguzi katika besiboli haukuhitaji sheria iliyoandikwa? Moses Fleetwood Walker, Mweusi, alicheza ligi kuu na timu ya Toledo mwaka 1884. Baada ya hapo wenye timu walielewana kimyakimya, na mlango ukabaki umefungwa kwa zaidi ya miaka 60.

2. Je, wajua kwamba ligi ya kwanza ya Weusi iliyodumu ilizaliwa Kansas City kwenyewe? Februari 1920, Rube Foster wa Chicago aliwakutanisha wenye timu katika jengo la YMCA mtaa wa Paseo, wakaunda Negro National League. Monarchs walikuwa miongoni mwa timu waanzilishi.

3. Katika wenye timu wale, Mzungu alikuwa mmoja tu: J. L. Wilkinson, mwenye Monarchs. Wachezaji wake walimsifu kwa mambo mawili, kulipa mishahara kwa wakati na kumheshimu kila mtu. Naye ana kibao Cooperstown, alichotunukiwa mwaka 2006. Alikuwa amefariki tangu 1964.

4. Je, wajua kwamba kabla ya Monarchs, Wilkinson alikuwa na timu iliyoitwa All Nations? Aliianzisha mwaka 1912, akachanganya Weusi, Wazungu, Wacuba, Wenyeji asilia wa Marekani, Waasia na hata mwanamke. Walizunguka miji midogo kwa behewa lao la reli, na kabla ya mechi watu walitumbuizwa kwa mieleka na muziki wa bendi.

5. Jumapili ya mechi ilikuwa sikukuu kwa Weusi wa Kansas City. Inasimuliwa kwamba makanisa yalisogeza ibada saa nzima mapema ili waumini wawahi uwanjani, nao walikwenda moja kwa moja wakiwa bado na suti na kofia za kanisani.

WALIOITIKISA ARDHI MAPEMA

6. Je, wajua kwamba Monarchs walikuwa na mtu aliyekuwa hodari kwa kurusha na kwa kupiga vilevile? Alikuwa Wilber Rogan, aliyeitwa "Bullet" kwa kasi ya mipira yake. Siku yake ya kurusha alirusha, na siku nyingine alipangwa kwingine uwanjani kwa sababu hakuna kocha aliyetaka kulikosa gongo lake. Mwili wake ulikuwa mdogo, na alirusha bila mbwembwe za mikono.

7. Rogan alitokea jeshini. Alichezea kikosi cha 25 cha askari wa miguu, kikosi cha Weusi, huko Hawaii na Arizona. Aliyempigia debe kwa Wilkinson ni Casey Stengel, Mzungu aliyekuja kuwa kocha mashuhuri wa New York Yankees. Rogan alifariki 1967. Kibao chake kilizinduliwa 1998, miaka 31 baadaye.

8. Je, wajua kwamba mwaka 1908 timu ya ligi kuu, Cincinnati Reds, ilikwenda Cuba na kukutana na kijana Mweusi ambaye haikuweza kumfunga? José Méndez aliwarushia zamu 25 mfululizo bila kuruhusu hata bao moja. Wacuba walimwita Almasi Nyeusi. Ligi kuu ya Marekani ilikiona kipaji chake, ikaiona na rangi yake, ikamwacha.

9. Miaka 16 baadaye, Oktoba 1924, Méndez alikuwa kocha mchezaji wa Monarchs. Fainali ya kwanza kati ya mabingwa wa ligi mbili za Weusi, Monarchs dhidi ya Hilldale kutoka Pennsylvania, ilifika mechi ya kumi. Alijipanga mwenyewe kurusha. Mechi ilikwenda bila bao hadi zamu ya nane, Monarchs wakapata matano, ikaisha 5-0. Méndez alirusha mwanzo hadi mwisho. Alifariki Havana mwaka 1928, na jumba la Cooperstown likamkumbuka baada ya miaka 78.

10. Andy Cooper, mrushaji wa mkono wa kushoto, aliiongoza Monarchs kama kocha kutwaa ubingwa wa Negro American League, ligi nyingine ya Weusi, mwaka 1937, 1939 na 1940. Mwaka uliofuata alifariki. Heshima ya Cooperstown ilikuja 2006.

11. Orodha haiishii kwa waliokaa muda mrefu. Cristóbal Torriente wa Cuba aliivaa jezi ya Monarchs mwaka 1926, na Bill Foster, ndugu wa baba mmoja wa Rube Foster, aliivaa 1931. Turkey Stearnes, fundi wa mikwaju ya mzunguko, alimalizia kwao miaka yake ya mwisho. Wote wako Cooperstown, na wote waliingizwa wakiwa wameshazikwa.

12. Je, wajua kuhusu mtu ambaye mbio zake zilizaa ngano? James "Cool Papa" Bell, aliyechezea Monarchs mwaka 1932, alikuwa na kasi kiasi kwamba mrushaji Satchel Paige, ambaye habari zake zinakuja, alipenda kusimulia kuwa Bell aliweza kuzima taa ya chumba na kuwa kitandani kabla giza halijaingia. Bell aliingizwa jumbani 1974, akiwa hai, na alifariki 1991.

TAA ZILIZOTANGULIA

13. Je, wajua kwamba Monarchs walicheza usiku miaka mitano kabla ya ligi kuu? Aprili 28, 1930, mjini Enid, Oklahoma, waliwasha taa zao za kuhamishika. Mechi ya kwanza ya usiku ya ligi kuu ilichezwa Cincinnati Mei 24, 1935.

14. Taa zenyewe zilifungwa kwenye nguzo za kukunjuka, juu ya malori, na kuendeshwa na jenereta lililonguruma mechi nzima. Mpira ukipanda juu ya mwanga ulipotea machoni, na mchezaji wa pembeni akabaki akikisia utaangukia wapi. Hata hivyo watu walifurika.

15. Na kwa nini mwaka 1930? Kwa sababu uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na mfanyakazi hakuweza kuacha kibarua mchana ili aende uwanjani. Wilkinson alikopa na kuingia ubia na Tom Baird ili kuzigharamia taa. Mwaka 1931 timu ilijitoa kwenye ligi ikawa ya kuzunguka, mji huu leo, mji ule kesho, hadi 1937 iliporudi ligini. Timu nyingi za Weusi zilikufa miaka hiyo, Monarchs wakapona.

16. Leo karibu mechi zote kubwa za ligi kuu huchezwa chini ya taa. Kila anayekaa kwenye jukwaa usiku kutazama besiboli anakula matunda ya mti uliopandwa na timu ambayo ligi hiyo haikuitaka.

SATCHEL PAIGE

17. Je, wajua kwamba mrushaji mashuhuri kuliko wote katika ligi za Weusi aliokotwa na Monarchs wakati kila mtu ameshamkatia tamaa? Mwaka 1938, akiwa Mexico, mkono wa Satchel Paige uliuma hadi akashindwa kurusha. Wilkinson alimchukua hivyohivyo, akamweka katika timu ya pili iliyozunguka vijijini ikitangaza jina lake. Mkono ukapona, naye akarudi na nguvu zilezile.

18. Katika fainali ya 1942 Monarchs waliishinda Homestead Grays, timu ya Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Inasimuliwa kwamba Paige alimpa mpigaji mwingine kituo cha bure makusudi, vituo vikajaa, ili tu amkabili Gibson. Kisha akamtoa kwa mipira mitatu.

19. Julai 1948, akiwa na umri wa miaka 42, Paige aliingia ligi kuu na Cleveland Indians. Baadhi ya waandishi walisema ni maonyesho tu ya kuuza tiketi. Paige akashinda mechi sita na kupoteza moja, na Agosti 20 watu 78,382 walijaza uwanja wa Cleveland kumtazama. Mwaka huohuo timu hiyo ilitwaa ubingwa, naye akawa mrushaji wa kwanza Mweusi kurusha katika fainali ya ligi kuu.

20. Je, wajua kwamba alirusha tena ligi kuu akiwa na miaka 59? Septemba 25, 1965, akiichezea Kansas City Athletics dhidi ya Boston Red Sox, alimaliza zamu tatu bila bao. Pigo halali alilopigwa lilikuwa moja tu, la Carl Yastrzemski, ambaye naye leo yumo jumbani.

JACKIE ROBINSON

21. Je, wajua kwamba mtu aliyeuvunja ukuta wa rangi alikuwa mchezaji wa Monarchs? Jackie Robinson alitoka jeshini, akajiunga nao mwaka 1945 kwa mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Aliyemtaja kwa Wilkinson alikuwa mrushaji Hilton Smith, ambaye habari zake zinakuja.

22. Robinson alikuwa na msimamo tangu zamani. Mwaka 1944, akiwa luteni, aliamriwa ahamie nyuma ya basi la jeshi kwa sababu ya rangi yake, akakataa. Alifikishwa mahakama ya kijeshi na kuachiwa huru.

23. Simulizi moja iliyopendwa na wana Monarchs ni ya kituo cha mafuta huko Oklahoma. Timu ilikuwa imezoea kujaza mafuta pale, na imezoea pia kunyimwa choo. Robinson alishuka akaelekea chooni, mwenye kituo akamzuia. Akajibiwa kwamba basi aondoe mpira wa mafuta kwenye gari. Tangi la basi lilikuwa kubwa, na mauzo ya namna ile hayakuwa ya kila siku. Choo kikafunguliwa. Kuanzia hapo, wanasimulia, Monarchs hawakununua mafuta mahali walipozuiwa choo.

24. Agosti 28, 1945, Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers alikutana na Robinson ofisini kwake. Aprili 15, 1947 Robinson akaingia uwanjani na Dodgers. Mwaka 1962 akawa Mweusi wa kwanza katika Jumba la Umaarufu, na mwaka 1997 namba yake, 42, ikastaafishwa na timu zote za ligi kuu.

25. Je, wajua kwamba kibao chake cha kwanza hakikusema lolote kuhusu ukuta wa rangi? Mwenyewe alitaka apimwe kwa uchezaji wake tu, na kibao kikafuata hivyo. Mwaka 2008, miaka 36 baada ya kifo chake, kilitengenezwa kipya kinachotaja pia ujasiri wake wa kuufungua mlango.

26. Je, wajua kwamba Robinson alisaidia kuwapeleka vijana wa Kenya vyuoni? Mwaka 1959 kiongozi wa Kenya Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo na nauli. Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, waliweka saini kwenye barua ya kuomba michango. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilitua New York na wanafunzi 81.

27. Na Dodgers, timu ileile iliyomsajili Robinson, ambayo sasa iko Los Angeles, mwaka 2022 ilisajili vijana wawili warushaji kutoka Uganda. Miaka kumi kabla ya hapo watoto wa Lugazi, nchini humo, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania.

WALIOFUNIKWA NA MAJINA MAKUBWA

28. Hilton Smith ndiye aliyeishi kivulini. Mabango yalimtangaza Paige, Paige alirusha zamu tatu ili umati umwone, kisha Smith akamalizia sita zilizobaki. Wapigaji wengi waliomjaribu walisema mpira wake wa kupinda ulikuwa mgumu kuliko wowote. Alichaguliwa mechi ya nyota kila mwaka kuanzia 1937 hadi 1942. Alifariki 1983, akapewa kibao 2001.

29. Je, wajua nani alikuwa Mweusi wa kwanza kupiga mkwaju wa mzunguko katika American League, mojawapo ya sehemu mbili za ligi kuu? Ni Willard Brown, aliyetoka Monarchs kwenda St. Louis Browns Julai 1947. Agosti 13 alitumwa kupiga, akaazima gongo la mwenzake Mzungu, Jeff Heath, akaupiga mpira wa Hal Newhouser na kuzunguka vituo vyote kwa mbio. Aliporudi benchi, Heath alilivunja gongo lile makusudi ili Brown asilitumie tena. Timu ikamwachia muda mfupi baadaye, naye akarudi Monarchs. Alifariki 1996, miaka kumi kabla ya kibao chake.

30. Ernie Banks aligunduliwa na Cool Papa Bell, akacheza Monarchs mwaka 1950, akaenda jeshini, akarudi 1953. Septemba mwaka huo akawa mchezaji wa kwanza Mweusi wa Chicago Cubs. Alipiga mikwaju ya mzunguko 512, akawa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1958 na 1959, na kuingia Cooperstown 1977.

31. Je, wajua kwamba New York Yankees nao walimpata Mweusi wao wa kwanza kutoka Monarchs? Elston Howard alianza nao 1955, na mwaka 1963 akawa Mweusi wa kwanza kuwa mchezaji bora wa American League. Yeye hana kibao Cooperstown.

32. Na mwanamke? Toni Stone alicheza kituo cha pili akiwa na Indianapolis Clowns mwaka 1953, kisha akaichezea Monarchs 1954, pamoja na wanaume na dhidi ya wanaume. Naye hana kibao.

GHARAMA YA USHINDI

33. Je, wajua Dodgers waliilipa Monarchs kiasi gani kwa Jackie Robinson? Hawakulipa hata senti moja. Rickey alidai kwamba ligi za Weusi hazikuwa na mikataba ya kuheshimiwa. Wenye timu walijua kwamba wakilalamika sana wataonekana wanamzuia kijana wao kuingia mlango uliosubiriwa kwa miaka 60, wakanyamaza. Haki ya mchezaji ilipatikana, na haki ya timu iliyomlea ikakanyagwa siku ileile.

34. Kisha mashabiki waliwafuata nyota wao. Gazeti la Weusi lililowahi kuandika habari za Monarchs sasa liliandika habari za Robinson. Wilkinson alimuuzia Baird hisa zake mwaka 1948. Mwaka 1955 Kansas City ikapata timu ya ligi kuu, mwaka uliofuata Monarchs wakauzwa na makao yakahamia Grand Rapids, Michigan, na mwaka 1965 timu ikafungwa. Hakuna timu ya Weusi iliyopeleka wachezaji wengi ligi kuu kuizidi, na zawadi hiyo ndiyo iliyoimaliza.

KUELEKEA COOPERSTOWN

35. Jumba la Umaarufu lilichagua watu wake wa kwanza 1936 na kufungua milango Juni 1939. Mchezaji anahitaji asilimia 75 ya kura za waandishi wa besiboli, na awe amecheza ligi kuu misimu kumi. Sharti hilo la misimu kumi liliwafungia nje mara ya pili: ligi ilikukataza kucheza, kisha jumba likakuuliza mbona hukucheza.

36. Je, wajua nani alipasua ukimya? Ni Ted Williams, Mzungu, mmoja wa wapigaji wakubwa kupita wote. Mwaka 1966, siku yake mwenyewe ya kuheshimiwa, alitumia sehemu ya hotuba yake kusema kwamba anatumaini siku moja Satchel Paige na Josh Gibson wataingizwa, kwa kuwa waliachwa kwa kunyimwa nafasi tu.

37. Mwaka 1971 kamati maalumu ilimchagua Paige. Lakini mwanzoni ilipangwa kwamba wachezaji wa ligi za Weusi wawekwe katika sehemu yao ya pekee. Ubaguzi wa uwanjani ulikuwa unahamishiwa ukutani. Waandishi na mashabiki wakapinga, mpango ukafutwa, na Agosti mwaka huo Paige akaingia kama wengine wote.

38. Je, wajua kwamba mwaka 2006 watu 17 wa besiboli ya Weusi waliingizwa kwa mkupuo? Miongoni mwao walikuwa Wilkinson, Méndez, Cooper, Brown na Torriente, pamoja na Effa Manley wa Newark Eagles, mwanamke wa kwanza na wa pekee hadi leo. Wote 17 walikuwa wameshafariki.

39. Aliyekuwa hai alikosa. Buck O'Neil alijiunga na Monarchs 1938, akawa kocha wao kuanzia 1948, na mwaka 1962, akiwa na Chicago Cubs, akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha msaidizi katika ligi kuu. Utotoni Florida alifanya kazi kwenye mashamba ya mboga na kunyimwa nafasi katika shule ya sekondari ya Wazungu. Uzeeni alisimamia jumba la makumbusho ya ligi za Weusi lililoanzishwa Kansas City mwaka 1990, akizunguka nchi nzima kusimulia habari za wenzake. Mwaka 2006, akiwa na miaka 94, iliripotiwa kwamba alipungukiwa kura moja.

40. Unadhani alifanya nini? Alikwenda Cooperstown kuwasemea wale 17. Alisimama jukwaani bila kinyongo, akawasifu wenzake, akauambia umati ushikane mikono na kuimba naye. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Kibao chake kilizinduliwa Julai 2022.

41. Desemba 2020 ligi kuu ilitangaza kwamba ligi saba za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu za wachezaji wao zaidi ya 2,300 zikaingizwa kwenye rekodi rasmi. Siku hiyo Josh Gibson, aliyefariki 1947, alimpita Ty Cobb na kuwa mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote katika historia, 0.372 dhidi ya 0.367.

42. Na hili la mwisho. Kati ya watu wa Monarchs wenye vibao waliotajwa katika safu hii, je, wajua ni wangapi waliosikia majina yao yakiitwa Cooperstown? Wanne tu: Robinson, Paige, Bell na Banks. Wazee wetu husema kawia ufike, lakini heshima haikukawia yenyewe. Kulikuwa na watu waliokuwa na kura, kalamu na funguo, na kila mwaka waliamua kungoja. O'Neil alikuwa hai miaka yote hiyo, akipatikana kwa simu. Kama unamjua kocha, mwalimu au mchezaji wa zamani aliyeubeba mchezo mahali ulipo, usisubiri kamati iundwe baada ya mazishi. Mwite ukumbini mwaka huu, lisome jina lake mbele ya watu, na yeye mwenyewe awe amekaa mstari wa mbele akisikia.